Tundu Lionekane Kabla ya Zege: Kutumia BIM kwa Usalama wa Saiti

Tamka neno BIM saiti uone: fundi atainua macho kutazama bimu ya zege. Wala hajakosea, hilo ndilo neno alilolikuta kazini. BIM ninayoizungumzia hapa ni modeli ya jengo ndani ya kompyuta, yenye urefu, upana na kimo, ambamo kila kipande kinabeba taarifa zake. Kwenye ramani ya kawaida ukuta ni mistari miwili tu. Kwenye modeli, ukuta umeandikwa kuwa ni ukuta, ni wa tofali za inchi 6, uko ghorofa ya 2, na unajengwa baada ya slabu (sakafu ya zege) ipi.

Wengi huishia kuitumia kumfurahisha mteja kwa picha. Mwongozo huu ni wa mhandisi, mbunifu au mkandarasi wa jengo la ghorofa 2 hadi 6 hivi, anayetaka modeli impunguzie majeruhi. Kwa nyumba ya chini ya vyumba vitatu usijisumbue. Mchoro wa mkono na fomeni makini vinatosha.

Nianze na lililonileta huku. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nasimamia zege kwenye jengo la ghorofa nne. Ghorofa ya tatu kulikuwa na tundu la mabomba, sentimita 60 kwa 90, limefunikwa kwa kipande cha plaiwudi. Hakikupigiliwa msumari, hakikuandikwa kitu. Saidia fundi mmoja akatumwa akusanye plaiwudi zilizobaki. Akainama, akakishika kile kipande kwa mikono miwili, akakiinua mbele ya kifua, akapiga hatua. Plaiwudi aliyoishika ndiyo iliyomziba asione mbele ya miguu yake. Alivunjika paja, akapona, ila saiti hakurudi tena. Ramani ya mabomba ililionyesha lile tundu tangu mwanzo. Ramani ya nguzo na slabu haikulionyesha. Mimi nilikuwa natembea na hiyo ya pili.

Jengo likishakwisha, ni nadra kumwangusha mtu. Linaloangusha watu ni lile la katikati: slabu isiyo na kuta, ngazi isiyo na kishikio, shimo la lifti lisilo na lifti. Na ramani zetu zote zinachora jengo la siku ya kukabidhi funguo. Hatua zinazofuata zinahusu kulichora hilo la katikati.

Hatua ya 1: Vifaa, na sifuri moja

Kompyuta yenye RAM ya GB 16 inatosha kwa jengo la ukubwa huu. Ofisini utakuta Revit au ArchiCAD, na zote hulipiwa. Kama mfuko haujakaa vizuri, ipo Bonsai, inayofanya kazi ndani ya Blender (zamani iliitwa BlenderBIM), na ipo FreeCAD. Hizo ni za bure, lakini zitakudai uvumilivu wiki za mwanzo.

Si lazima mbunifu, mhandisi na mtu wa mabomba watumie programu moja. Kinachotakiwa ni kila mmoja atoe faili la IFC, muundo wa wazi uliosajiliwa kama kiwango cha kimataifa ISO 16739. Mafaili hayo matatu ndiyo utakayoyaweka pamoja. Mtu akikwambia atakuletea PDF, mwambie hapana.

Kabla hajachora mtu yeyote, kubalianeni sifuri. Chagueni kona moja ya gridi, yaani mistari ya kupangia nguzo, kwa mfano pale A inapokutana na 1, na usawa wa sakafu ya chini uliokamilika uwe 0.000. Andikeni kwenye karatasi, kila mtu aweke saini. Msimchukulie mpimaji koordineti zake zilivyo mkazichomeka ndani ya modeli: kwenye mfumo wa ramani wa UTM, Dar es Salaam iko kanda ya 37 Kusini, na namba zake ni za tarakimu 6 na 7. Programu nyingi zikipewa namba kubwa hivyo huanza kuchora mistari inayotetemeka. Koordineti halisi ziandikwe kama taarifa za mradi, uchoraji ufanyike karibu na sifuri. Nimewahi kupokea modeli ya mabomba iliyoelea mita 300 nje ya kiwanja. Siku mbili zilipotea.

Hatua ya 2: Chora vya jirani kabla ya vyako

Mbunifu hupenda kuanza na jengo lake likiwa peke yake kwenye nyasi za kijani. Anza na ukuta wa jirani, msingi wake kama unajulikana, mtaro wa maji ya mvua, barabara, na waya za TANESCO zinazopita mbele. Waya zichore kama bomba nene: zungushia nafasi ya usalama pande zote iwe kitu kinachoonekana, cha rangi nyekundu. Kanuni za Marekani zinataka angalau mita 3 kati ya kreni na laini ya hadi kilovolti 50. Kwa saiti yako, waulize TANESCO wenyewe umbali wanaoutaka, kisha chora huo. Sasa weka pampu ya zege au kreni mahali unapodhani itasimama, nyoosha mkono wake, uzungushe. Ukigusa ile rangi nyekundu, umeokoa mtu kwa dakika tano za kazi.

Kariakoo, Novemba 16, 2024, jengo la ghorofa lenye maduka liliporomoka na kuua watu zaidi ya 20. Anayejenga kwenye mtaa ambao majengo yamegusana mabega hana ruhusa ya kuuchora msingi wake bila kuuchora wa jirani. Kama kuna ghorofa ya chini ya ardhi, chora na shimo lenyewe, hatua kwa hatua: kuchimba mita ya kwanza, kuzuia udongo, kuchimba ya pili. Mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa tani 1.5 na zaidi, sawa na gari dogo. Mtu aliyefukiwa hadi kifuani anaweza kushindwa kupumua hata kama kichwa kiko nje. Marekani huanza kudai kinga ya kuta za shimo kuanzia kina cha mita 1.5 hivi, na hiyo ni namba nzuri ya kuanzia hata pale ambapo hakuna anayekukagua. Kwenye modeli, kila shimo la kina hicho lipewe jibu moja kati ya mawili: kuta zinalazwa kwa mteremko, au zinazuiwa kwa mbao na vyuma. Kiwanja kisipokuwa na nafasi ya mteremko, modeli itakuonyesha mapema, na bei ya kuzuia itaingia kwenye makadirio badala ya kuwa ugomvi wa baadaye.

Hatua ya 3: Winda matundu na kingo

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Ningekuwa na siku moja tu ya kufanya BIM kwenye mradi mzima, ningeimaliza kwenye hatua hii.

Fungua mafaili matatu kwa pamoja. Ficha kuta zote, milango, madirisha, dari na samani. Acha slabu, nguzo, bimu na ngazi. Unachokiona sasa ndicho atakachokiona saidia fundi wiki ya sita, na wengi wakikiona mara ya kwanza hunyamaza kidogo.

Kisha tengeneza orodha. Programu hizi zinaweza kukusaidia kutoa jedwali la matundu kwenye slabu: lipo wapi, ghorofa gani, urefu na upana. Linganisha slabu ya mhandisi na mabomba ya mtu wa mabomba; bomba linalopita mahali slabu haina tundu maana yake ni tundu litakalotoboka baadaye bila wewe kujua. Hayo ndiyo hatari kuliko yote, yaongeze kwenye orodha. Kila mstari uwe na safu nne za ziada: kinga ni nini, nani anaiweka, inawekwa siku gani, inaondolewa siku gani na nani. Safu ya mwisho ndiyo inayosahaulika. Kinga huondolewa na mtu wa mabomba Ijumaa jioni, naye hurudi Jumatatu.

Orodha ikiwa tayari, usikimbilie kununua mikanda ya usalama. Rudi kwa mbunifu na uulize kwa mpangilio huu.

Kwanza, tundu hili linaweza kuondoka? Mara nyingi matundu matatu madogo ya vyoo vilivyopangwa ovyo yanakuwa moja, vyoo vikisogezwa vikae juu ya vyenzao. Hapo mabomba nayo yanapungua, kwa hiyo mteja hatabisha.

Pili, linaweza kuzibwa na jengo lenyewe? Ujanja ninaoupenda ni wa nondo. Badala ya kukata nondo za slabu pembeni mwa tundu, ziache zipite katikati, zege limwagwe pembeni tu. Tundu linabaki na wavu wa chuma ambao hauinuliwi na mtu wala kuibwa usiku. Siku mabomba yanapofika, fundi anakata nondo zinazomzuia tu. Mhandisi lazima akubali na aongeze nondo za pembeni kama kawaida, na mabomba yapangwe kujua nondo zipi zitakatwa. Kwenye modeli hilo ni kazi ya nusu saa. Kwenye slabu iliyokwisha kukauka ni kazi isiyowezekana.

Tatu, kingo za nje. Kama paa la zege litakuwa na ukuta mfupi wa pembeni wa sentimita 60, uulize kwa nini usiwe mita 1.1. Tofali chache za ziada kwenda juu, na paa halihitaji kishikio cha muda wala cha kudumu. Ukuta huo upangwe kujengwa mapema, kabla ya mafundi wa matenki na antena hawajapanda. Kingo za ghorofa za kati ziwekewe kwenye modeli mabomba mafupi ya chuma yanayozamishwa ndani ya zege kila mita 2 hivi, ili vishikio vya muda vichomekwe asubuhi baada ya kumwaga. Kisipokuwepo cha kuchomekea, hakuna atakayepigilia kishikio hewani.

Nne, na mwisho kabisa, mikanda na sehemu za kuifungia. Mkanda usio na pa kufungia ni pambo. Kama mbunifu hajachora ndoano, saiti mkanda utafungwa kwenye mrunda, ule mti wa kushikilia slabu bichi.

Uingereza, kanuni za usalama wa ujenzi za CDM za mwaka 2015 zinamtaka mbunifu mwenyewe aondoe hatari anazoweza kuziona mapema. Hawezi kumwachia mkandarasi zote. Kwetu desturi ni kusukumiana. Orodha ya matundu yenye jina la mhusika inasaidia kupunguza mchezo huo, maana kila mtu anaona mstari wake.

Hatua ya 4: Gonganisha modeli, kwa kiasi

Programu zina chombo cha kutafuta migongano, yaani vitu viwili vilivyochorwa mahali pamoja. Kosa la wanaoanza ni kugonganisha kila kitu na kila kitu. Watapata migongano elfu nne, tofali zikiwa zimegusa plasta, na watafunga kompyuta wakaendelee na maisha. Gonganisha jozi chache: mabomba na bimu, mabomba na nguzo, ngazi na bimu ya juu yake, kreni na waya.

Mgongano wa bomba na bimu huonekana kama suala la gharama. Fuatilia uone unavyoishia. Bomba la choo la milimita 110 linafika kwenye bimu ambayo haina nafasi. Fundi anapanda ngazi ya mbao na tindo na nyundo, anatindua zege akiwa ameinua uso, vumbi linamwingia machoni, na akikutana na nondo anaikata. Hapo kuna uwezekano wa mtu kuanguka leo na bimu kupasuka kesho kutwa. Ukiuona mgongano miezi miwili kabla, kipande cha bomba kubwa kidogo kinazamishwa kwenye bimu mahali ambapo mhandisi ameridhia, na kazi ya kutindua inafutika.

Hatua ya 5: Weka siku ndani ya modeli

Programu ya Navisworks na ile ya Bonsai zinaweza kuunganisha modeli na ratiba, ukaona jengo likipanda siku kwa siku. Ukishindwa, tumia njia ya maskini ambayo mimi naitumia mpaka leo: kila kipande kipe taarifa iitwayo "Wiki" yenye namba, kisha chuja. Wiki ya 9, onyesha vyote vya 9 kushuka chini. Piga picha, nenda ya 10.

Unatafuta mambo mawili. La kwanza ni watu juu ya watu: mafundi wa plasta ya nje chini, wa kufunga mbao za fomu juu yao, upande uleule, wiki ileile. Hilo linarekebishwa kwa kusogeza ratiba siku nne, bila senti moja.

La pili ni mirunda. Hakuna modeli ya ofisini inayoichora, na kwangu ndiyo inayonikosesha usingizi. Fanya hesabu hii ukiwa umekaa. Slabu ya milimita 150, zege bichi lina kilo 2,400 kwa mita ya ujazo, hivyo kila mita ya mraba inabeba kilo 360. Chumba cha mita 4 kwa 5 ni kilo 7,200, kabla hujaweka nondo, mbao, na watu wanaopokezana ndoo. Mirunda ikiwa kila mita 1, mmoja unabeba kilo 360. Fomeni akiitanua kila mita 1.5 ili ibaki ya kutosha chumba cha pili, mmoja unabeba kilo 810. Ameongeza nusu mita tu, mzigo umezidi mara mbili. Na mrunda wenyewe umepinda, umeungwa kwa misumari mitatu, umesimama juu ya kipande cha tofali.

Kwa hiyo ichore. Vijiti vya kawaida vinatosha. Kila kijiti kiwe na wiki ya kuwekwa na wiki ya kuondolewa, kisha utazame ghorofa ya chini yake. Zege la saruji ya kawaida likiwa na siku 7 huwa na kama theluthi mbili ya nguvu ya siku 28. Ukimwaga slabu ya tatu wakati mirunda ya slabu ya kwanza imeshahamishwa, modeli itaonyesha slabu changa ikibeba mwenzake pekee. Mhandisi aseme ghorofa ngapi zibaki na mirunda, namba hiyo iingie kwenye ratiba na kwenye bajeti ya kukodi. Fomeni haibi mirunda ya chini kwa ubaya wa moyo. Anaiba kwa sababu hakununuliwa ya juu.

Hatua ya 6: Ishushe saiti

Modeli iliyobaki ofisini haijamkinga mtu. Simu yenye programu ya kufungulia IFC inamfaa fomeni. Kwa wengine chapa karatasi za A3, moja kwa kila wiki, rangi tatu tu: nyekundu ni ukingo au tundu lililo wazi, njano limefunikwa kwa muda, kijani limezibwa na jengo lenyewe. Ubandike mahali wanapovulia viatu au wanapokunywa chai. Ukutani kwa meneja hapasomwi na mtu.

Asubuhi, dakika kumi, simama nayo. Usihutubie, uliza. Mara ya kwanza nilipofanya hivi, mzee mmoja wa nondo aliweka kidole kwenye karatasi.

"Injinia, hapa ngazi yenu haikai."

"Kwa nini, mzee wangu?"

"Hapo ndipo lori linaposhushia nondo. Likirudi nyuma, linaila ngazi na aliye juu yake."

Nilikuwa nimechora lori, nimechora na ngazi. Sikuwa nimechora lori likirudi nyuma. Tukahamishia ngazi upande wa kisima, jioni nikarekebisha modeli, kesho yake karatasi mpya ikabandikwa. Alipoiona imebadilika, wenzake nao wakaanza kusema.

Karatasi hizo zitakufaa pia siku mkaguzi wa OSHA, wakala wa usalama na afya kazini Tanzania, atakapofika, kwa kuwa Sheria Na. 5 ya mwaka 2003 inataka saiti iwe imesajiliwa kama mahali pa kazi na hatari zake ziwe zimetathminiwa. Kenya utakutana na DOSHS, idara ya usalama na afya kazini, na sheria yao ya 2007. Ila modeli haichukui nafasi ya ramani zilizogongwa muhuri na mhandisi aliyesajiliwa. Vikitofautiana, simamisha kazi hiyo kwanza, ulizeni, ndipo muendelee.

Kila Jumamosi tembea na orodha ya matundu mkononi. Piga picha kila kinga, iweke kwenye mstari wake. Tundu lisilokuwa kwenye orodha likionekana, liingie siku hiyohiyo, na uulize limetoka wapi.

Hatua ya 7: Paa na matenki

Kabla ya kufunga faili, panda juu ya paa ndani ya modeli. Yako matenki mawili ya lita 5,000, kila moja lina tani 5 za maji likijaa. Nani atayaosha, na atafikaje? Kama jibu ni ngazi ya chuma iliyosimama wima ukutani na mtu akiwa na ndoo mkono mmoja, bado ubunifu haujakwisha. Ngazi ya jengo ipandishwe mpaka paani, hata ikiwa nyembamba, na mlango ufunguke kuelekea mahali pa kusimama, usifungukie ukingoni. Acha njia ya sentimita 80 kuzunguka tenki. Kisha mkabidhi mwenye nyumba faili la IFC pamoja na funguo, na kwenye orodha ile ya matundu umwachie mistari ambayo bado ni ya njano.